Permi iko mfukoni, lakini anajua kusimamisha kamioni?

Ndugu msomaji, tuseme mtoto wako wa miaka 23 anaingia nyumbani magaribi ya leo, anacheka hata meno yote yanaonekana. "Papa, balinipatia kamioni! Kesho niko naenda Kasumbalesa, mi peke." Mama anapiga vigelegele. Wadogo wake wanakimbia kwa jirani kupeleka habari. Kijana alikuwa miaka mitatu bila kazi, na sasa atashika usukani wa gari kubwa lenye remorki. Wewe baba, utajibu nini?

Wengi wetu tutasema asante kwa Mungu, na ni haki. Kazi ni chache, na njaa haingoji. Lakini kabla ya kuita watu wa shirika waje kuimba, kuna neno moja la kumuuliza huyu kijana kwa upole: "Mwana, kamioni yenye mzigo, umekwisha kuisimamisha mara ngapi?" Hapana kuiendesha. Kuisimamisha.

Sababu kuendesha, mtu anajifunza upesi. Kijana mwenye akili anaweza kuondoa kamioni na kuipeleka mbele kisha mafunzo ya siku chache tu. Ila gari la tani 50 halina shida ya mtu wa kulipeleka mbele. Mteremko peke yake unatosha kulipeleka. Linahitaji mtu anayejua kulizuia, wakati wa mvua, wakati wa usiku, mbele ya watoto wa masomo wanaovuka njia. Hilo halifunzwi kwa siku chache. Nasema wazi toka mwanzo: vijana wengi wanaopewa makamioni katika sehemu zetu za madini hawajafunzwa ya kutosha kabla ya kuachwa peke yao. Na jambo hili si la wenye kompani tu, linafika mpaka ndani ya nyumba zetu.

Wanajifunzia wapi?

Sheria iko. Sheria ya barabara ya Kongo ni ya tarehe 30 mwezi wa 8, 1978. Inaomba kila mwenye kuendesha awe na permi ya aina ya gari lake. Permi ya motokari ndogo haitoshi kwa kamioni, na kamioni yenye kuvuta remorki inaomba aina ingine tena. Kwa karatasi, mambo ni sawasawa. Lakini kila mtu katika miji yetu anajua kwamba kuna permi zilizopatikana bila mwenye permi kukaa hata mara moja karibu na mkaguzi. Na hata yule aliyejifunza kwa uaminifu, mara nyingi alifunzwa juu ya motokari ndogo, ndani ya mji, bila mzigo. Siku anapopanda kabini ya kamioni, ni sawa na mtu aliyejifunza kuogelea ndani ya beseni na sasa anatupwa ndani ya Lualaba.

Njia ingine, na ndiyo ya wengi, ni umotoboi. Kijana anapanda na shoferi mkubwa, anafunga bashi, anaosha vioo, anapika bukari kando ya njia, analinda mzigo usiku. Ni masomo ya kweli, wala nisiyadharau. Mafundi wengi wa usukani tulio nao leo walianza hivyo. Motoboi anajua sauti ya mashini ikiwa nzima na sauti yake ikiwa mgonjwa. Anajua peaji, anajua polisi, anajua mahali pa wezi.

Lakini tazama saa gani motoboi anapewa usukani. Anapewa kwenye mulongo. Kule Kasumbalesa makamioni yanapanga mulongo mrefu, na kungoja kunaweza kuwa kwa siku nyingi. Shoferi amechoka, analala. Mulongo unapoendelea metre 30, motoboi anaondoa kamioni, anaisogeza, anaisimamisha. Kisha saa moja, tena metre 30. Akifanya hivyo miezi sita, atajua kuingiza vitesi, atajua urefu wa gari lake, hatamgusa aliye mbele yake. Halafu siku moja shoferi mkubwa anaugua ao anahamia kompani ingine, na patro anamwambia motoboi: "We unajua hii kamioni. Beba."

Amejifunza kamioni kwa mbio ya mtu anayetembea kwa miguu. Mteremko hajaushuka hata mmoja na usukani mikononi mwake.

Uzito si mchezo

Vijana, sikilizeni vema hapa, sababu hii ni hesabu na hesabu haina upendeleo.

Ukienda kilomita 80 kwa saa, gari lako linakula metre 22 kila segonde. Ukiona mtoto anaingia njiani, segonde moja inapita kabla mguu wako haujafika kwa freni. Tena freni za kamioni kubwa zinatumikishwa na upepo. Upepo ule unahitaji nafasi ndogo ya kupita katika mabomba mpaka kufika magurudumu ya nyuma. Wakati freni zinaanza kukamata, umekwisha kupita metre 30. Kisha hapo ndipo kamioni inaanza kusimama. Na kumbuka kwamba mbio ikiongezeka mara mbili, njia ya kusimamia inaongezeka mara ine. Kama kwa 40 freni nzima zinaomba metre 12 juu ya lami kavu, kwa 80 zitaomba karibu 50. Jumlisha: ni karibu metre 80 yote pamoja, na hiyo ni kwa freni nzima, mipira mizuri, shoferi aliye macho. Wewe umekwisha kuona mipira ya makamioni yetu.

Mteremko ni neno lingine. Mlima unapokushusha, ile nguvu yote inapashwa kwenda mahali fulani, na kama unashikilia freni tu, inakuwa joto. Gari la tani 50 likishuka metre 100 za urefu, joto lake linatosha kuchemsha maji baridi ya bido saba za litre 20. Joto hilo lote unalisukuma ndani ya freni. Ndiyo maana freni "zinalewa": mguu unakanyaga mpaka chini na gari linaendelea kama hakuna kitu. Shoferi aliyefunzwa anajua dawa, na dawa hiyo inatumika kabla ya mteremko, hapana katikati: unaingiza vitesi ya chini ungali juu, unaacha mashini yenyewe izuie gari, na freni unazigusa kwa kipimo tu, unaziacha zipoe. Aliyejifunzia kwenye mulongo anaingia mteremko na vitesi ya juu, sababu gari linakwenda vizuri na mazutu haliishi upesi. Katikati ya mlima anataka kurudisha vitesi, inakataa kuingia. Sasa yuko na tani 50 zisizo na mtu.

Hakuna kitabu kinachoweza kumpa mtu ile hisia ya gari zito linalomsukuma mgongoni. Anapashwa kuisikia akiwa na mtu karibu anayemwambia: sasa, hapana sasa, ngoja, haya.

Na mizigo haifanani. Shaba ya mabamba ni nzito na inakaa chini. Kamioni inaonekana kama iko tupu na kumbe imejaa. Mifuko mikubwa ya kobalti inapanda juu, na kwenye kona inataka kulaza gari. Mazutu na asidi vinacheza ndani ya tanki. Asidi ya sulfuri ile ya viwanda vya shaba, litre moja ina kilo karibu 1.8, ni karibu mara mbili ya maji. Maana yake, tanki linafika uzito wake wa mwisho mbele halijajaa, na ule mwanya unaobaki juu ndio unaofanya asidi ipige mbele na nyuma kama wimbi. Shoferi amesimama, asidi haijasimama. Inakuja kumsukuma tena kisha yeye kufikiri amemaliza.

Mwezi wa pili 2019, katika jimbo la Lualaba, karibu na kijiji cha Kabwe, kamioni yenye kubeba asidi ilianguka, ikagongana na basi lililojaa watu. Karibu watu 20 walikufa, wengine wakachomwa na asidi iliyomwagika. Siandiki kwamba ni ukosefu wa mafunzo uliowaua. Hukumu si kazi yangu. Nakumbusha tu ni mzigo wa namna gani unaopita mbele ya nyumba zetu mchana na usiku, na kwa nini tuna haki ya kuuliza nani amekaa kwenye usukani.

Njia hii si ya zamani

Wazee watasema: zamani mambo haya hayakuwa. Ni kweli kwa sehemu. Wakati wa Union Minière, na kisha ya mwaka 1967 wakati wa Gécamines, shaba nyingi ilibebwa na reli. Kompani ilikuwa na masomo yake ya ufundi, na mtu hakuwekwa juu ya mashini kubwa ya mgodi bila kupita mikononi mwa mwalimu. Nguvu ya Gécamines ilianguka katika miaka ya 1990, reli nayo ikachoka. Sheria mpya ya madini ya mwaka 2002 ikaleta makompani mengi, na madini yakapanda juu ya barabara. Mwaka 2023 Kongo ilitoa zaidi ya tani milioni 2 za shaba. Gawanya kwa tani 30 kwa kila kamioni, utaona mwenyewe ni safari ngapi, na bado hujahesabu zile zinazoingia na asidi, chokaa, mazutu na unga. Barabara ni ile ile moja, toka Kolwezi kupita Fungurume na Likasi mpaka Lubumbashi na Kasumbalesa, na ndani yake wamo vijana wanaosukuma makala juu ya kinga, mabasi, mapikipiki, mama na beseni kichwani.

Kuna na jambo la mkono. Sisi Kongo tunapita kuume kwa barabara, Zambia wanapita kushoto, na makamioni mengi yanayotoka kusini yana usukani kuume. Shoferi wa usukani wa kuume akiwa kwetu, hawezi kuona mbele ya gari analotaka kupita mpaka atoe kichwa cha kamioni yake chote ndani ya njia ya wenzake. Wakubwa wanajua, wanaacha nafasi kubwa mbele, ao motoboi anawaangalizia toka kiti cha kushoto. Kijana aliye peke yake, nani atamwangalizia? Anabahatisha.

Hata kwa matajiri waliamshwa na msiba

Usifikiri ni shida ya Kongo peke yake. Nikupeleke mbali kidogo, Kanada, nchi yenye barabara nzuri na polisi wengi. Tarehe 6 mwezi wa 4, 2018, katika jimbo la Saskatchewan, basi lilikuwa likipeleka timu ya vijana ya mji wa Humboldt kucheza hoki ya barafu. Wazazi walikuwa wanangoja matokeo ya mchezo, sawa vile sisi tunavyongoja watoto wetu wa Kiro ao wa kwaya wanapokwenda paroki ingine siku ya yenga. Kamioni yenye remorki mbili ilipita alama ya kusimama kwenye makutano ya njia bila kusimama. Watu 16 wa basi walikufa, 13 waliumia.

Shoferi wa kamioni alikuwa na permi halali. Hakuwa mlevi. Alikuwa mtu mpya, aliyeajiriwa wiki chache tu. Mwenye kompani alimsindikiza karibu wiki mbili, halafu akamwacha aende peke yake. Siku ile bashi ya remorki ya nyuma ilikuwa inapigwa na upepo, naye akawa na wasiwasi, macho yake yakabaki kwenye kioo akiangalia bashi. Alama ya njiani hakuiona. Alikubali kosa mbele ya hakimu, na mwaka 2019 alihukumiwa miaka minane ya gereza.

Ngoja tusimame hapa. Bashi! Jambo dogo ambalo kila motoboi wa Likasi anajua dawa yake: unatoka njiani, unashuka, unafunga. Lakini mtu mpya aliye peke yake, akili yake imejaa. Vitesi, vioo, saa ya kufika, patro anayepiga simu, bashi. Kitu kimoja kikiongezeka, kingine kinaanguka nje. Mkubwa wa kazi mikono yake inafanya mambo mengi bila yeye kuyafikiri, na akili yake inabaki wazi kwa ajili ya njia. Nafasi ile ndani ya akili haiuzwi pamoja na permi, inakuja na miezi.

Kisha msiba ule, Saskatchewan iliweka sheria mwaka 2019: yeyote anayetaka permi ya kamioni kubwa anapashwa kupata saa zisizopungua 121.5 za mafunzo, na katika hizo saa 57 ni za kushika usukani barabarani. Ukihesabu saa nane kwa siku, yote ni kama siku 15. Ulaya wanaomba zaidi: kijana wa miaka 18 anayetaka kazi ya kamioni anafunzwa saa 280, ingawa kati ya hizo saa za lazima za kuendesha yeye mwenyewe ni 20 tu. Marekani waliweka sheria yao mwezi wa pili 2022, wakaandika vitu vyote vya kufunzwa lakini hawakuweka hesabu ya saa. Mwalimu ndiye anasema huyu amekomaa. Mimi hiyo ya mwisho hainipendezi, sababu mwalimu naye anakula kwa kutoa wanafunzi wengi.

Hatuwezi kuchukua namba za wazungu na kuzibandika hapa. Barabara zao zina mistari na taa. Kamioni ikiharibika kwetu, alama yake ni matawi ya miti yaliyotupwa juu ya lami, na usiku unayaona ukiwa umekwisha kuyakanyaga. Kwa njia kama hii, mafunzo yetu yalipashwa kuwa marefu kupita yao.

Kiti cha pili

Basi, yanayotosha ni nini? Ukiniuliza mimi, nitaacha kuhesabu saa za darasani na nitauliza juu ya kiti cha pili. Nani alikaa karibu naye, muda gani, na kamioni ilikuwa na mzigo? Kijana mpya akae kwenye usukani, mkubwa akae karibu, kwa safari nzima za kwenda na kurudi, na mzigo wa kweli, mchana kwanza kisha usiku, wakati wa kiangazi na kama inawezekana wakati wa mvua. Miezi mitatu si mingi. Katika hiyo miezi atashuka kila mteremko wa njia yake mara nyingi, atapasua mpira akiwa na mtu wa kumwonyesha, atarudi nyuma na remorki ndani ya kiwanda mpaka mkono uzoee kwamba remorki inakwenda kinyume cha usukani.

Patro atasema: mishahara miwili kwa kamioni moja? Tumsaidie kuhesabu. Mwaka 2023 tani moja ya shaba iliuzwa kwa wastani zaidi ya dolari 8000 kwenye soko la London. Tani 30 ni dolari 240 000. Anamwekea kijana dolari 240 000 mgongoni, pamoja na bei ya kamioni yenyewe, na anamnyima mwalimu wa miezi mitatu. Mfanyabiashara gani huyu?

Tena sheria zinamfungulia mlango. Sheria ya kazi ya mwaka 2002 inaruhusu kontra ya kujaribu mtu kufika hata miezi sita. Kwa nini miezi hiyo isiwe ya kiti cha pili? Na iko INPP, iliyoundwa mwaka 1964 kusudi kufunza watumishi, na wenye kazi wanapashwa kuilipia mchango. Mwenye kompani anayelipa mchango na hapeleki mtu kujifunza, ni kama mtu anayenunua mkate na kuuacha dukani.

Shida kubwa ni kwamba kila mtu anamwonyesha mwenzake. Kompani kubwa ya madini inasema: kubeba ni kazi ya wenye makamioni. Mwenye makamioni anasema: alikuja na permi, serikali ndiyo iliyompa. Serikali inasema: sheria iko. Ajali inapotokea, anayefungwa ni nani? Kijana. Na kama wanakijiji wamekasirika na kuanza kupiga mawe, anayekimbia porini usiku ni nani? Ni yule yule.

Nyumbani mnaweza nini?

Wazazi, kijana wenu hawezi kumwambia patro "sijawa tayari" kama anajua kwamba nyumbani mnangoja mshahara mzima mwisho wa mwezi. Atasema ndiyo kwa kila kitu, sababu kuna wengine kumi wanangoja kwenye mlango. Kwa hiyo ongeeni naye kabla. Mwambieni kwamba mtakubali mshahara mdogo miezi ya kwanza, mtapunguza mahitaji, mradi aombe kukaa na mkubwa. Maneno hayo yakitoka kwa baba na mama, kijana anapata uti wa mgongo. Na baba anaweza kwenda mwenyewe kumwona patro, kwa heshima, kama vile anavyokwenda kuona mwalimu wa masomo: "Bwana, mtoto wangu utampa nani wa kumwonyesha njia?" Wapatro wengi ni wakristu, tunaketi nao benchi moja siku ya yenga. Swali hilo halitawaua.

Wewe kijana uliyekwisha kuambiwa kwamba unaondoka siku ya posho, na hakuna mtu wa kiti cha pili, sikiliza. Tafuta shoferi mkubwa wa njia yako leo hii, mnunulie chai, na mwombe akutajie kila mteremko na vitesi yake. Andika kwenye karatasi. Asubuhi zunguka kamioni yote kabla ya kuiwasha: mipira, taa, mafungio ya remorki, bashi. Ngoja kipimo cha upepo wa freni kipande vema ndipo uondoke, na kikianza kushuka njiani simama mapema, sababu upepo ukiisha freni zitajifunga zenyewe mahali ambapo hukuchagua. Usiku wa kwanza usiende. Lala. Lutuku hapana, wala vidonge vya kuzuia usingizi. Patro akipiga simu, aite tu, utamjibu ukisimama.

Na sisi tunaokaa kando ya njia, tuwafundishe watoto jambo moja. Tarehe 2 mwezi wa 7, 2010, kule Sange katika Kivu ya Kusini, kamioni ya mafuta ilianguka ndani ya kijiji. Watu walikuja kuchota, watoto pia, na wengine walikuwa karibu wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Moto ukalipuka. Watu zaidi ya 230 walikufa. Tanki likianguka, la mafuta ao la asidi, mtu asilikaribie, akae upande ambao upepo unatoka. Aliyemwagikiwa na asidi, avuliwe nguo zilizolowa na amwagiwe maji safi mengi yanayotiririka, hapana bakuli moja, angalau dakika 20, halafu lopitali. Shoferi mpya, hilo pia ni fundisho lako: gari likianguka na ungali mzima, kazi yako ya kwanza ni kuwafukuza watu mbali, hata wakikutukana.

Limebaki neno kwa ninyi mashoferi wakubwa, mnaosoma gazeti hili kwenye mulongo wa Kasumbalesa. Motoboi wako akikuomba kusogeza kamioni, mpe, ni haki yake kujifunza. Lakini siku mnarudi bila mzigo, na njia iko wazi, na jua lingalipo, mkalishe kwenye usukani mbele ya mteremko wa kwanza, keti karibu naye bila kusinzia, na umwambie aingize vitesi ya chini ninyi mkingali juu.